Nafuata Mimi

Ilianza Jumamosi, siku ya pili ya likizo ya Juni, saa tisa na robo alasiri. Saa naikumbuka kwa sababu ndiyo niliyotumwa. Mama alikuwa amempaka mteja dawa ya kulainisha nywele, na saluni yetu haina saa. Kila dawa ikipakwa, mimi huvuka uchochoro hadi kibarazani kwa kinyozi, nachungulia saa yake ya ukutani, narudi namwambia mama. Kazi hiyo naipenda kwa sababu haina maneno. Nachungulia, naondoka.

Siku nyingine zote kibaraza hicho hujaa wanaume wanaocheza drafti. Wengi wao walikuwa na kazi zao, karani, mtunza stoo, dereva wa shirika, mpaka mashirika yalipofungwa na wao wakapunguzwa. Baba naye alipunguzwa. Duka la ushirika lilipofungwa yeye akaenda Tunduma kubangaiza, akatuletea kioo kikubwa, viti viwili na katoni ya madawa ya nywele, na mama akafungua saluni. Wenzake wasiokwenda Tunduma walikwenda kibarazani kwa kinyozi.

Lakini Jumamosi ile wote walikuwa msibani Pito. Kinyozi alikuwa peke yake, vizibo vya soda amevipanga pande zote mbili za ubao, anacheza na nafsi yake. Nilipofika nilimwona anajiibia.

"Wewe mtoto wa saluni," akasema bila kuinua macho. "Hii unaijua?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Unaijua kweli, au unaitikia tu kama unavyoitikia ukija kuangalia saa? Kaa."

Nikakaa. Hata sasa sijui miguu ilikunjwa na nani. Mimi ni mtu ambaye darasani jibu ninalo, mwalimu ananitazama, na mimi naanza kutafuta kalamu iliyo mkononi. Kukaa kwenye benchi la wanaume, mchana, sketi ya shule na ndala, nilikuwa sijawahi kukuwaza hata kwa mzaha. Ila drafti niliijua. Niliijua kwa mwaka mzima na hakuna aliyejua kwamba naijua.

Nilijifunza hivi. Saluni yetu na kibaraza cha kinyozi vinatazamana, na uchochoro ulio katikati ni mwembamba kiasi kwamba mama na kinyozi huazimana kibiriti bila kutoka. Saluni imeinuka kidogo, kwa hiyo meza ya drafti inaonekana yote kama sinia. Mimi nikisuka nasimama nyuma ya mteja, uso kwenye kioo. Na kioo kinaangalia mlango, na mlango unaangalia kibaraza. Kutazama wanaume moja kwa moja siwezi, macho yenyewe yanakataa. Lakini kwenye kioo hakuna anayejua unatazama nini. Mteja anadhani namtazama yeye. Nilisuka vichwa vya mji mzima huku naangalia drafti.

Sheria nilizipata kwenye kelele zao. "Kula, ni lazima! Mbona unakitazama kama nyama ya jirani?" Nikajua kwamba kizibo kikiachwa wazi lazima ukile, hata kama ni mtego. "Kaingia kingi huyo, mvishe kofia!" Nikaona wanaweka kizibo juu ya kizibo, na kwamba kingi anatembea mbali, mbele na nyuma. "Pisha, pisha, benchi si la bibi yako!" Nikajua kwamba aliyefungwa anainuka. Na anayetaka kukaa husema maneno mawili tu, "Nafuata mimi," akisema kabla ya wengine zamu inakuwa yake. Asiposema, hata asimame pale mpaka jua lizame, hakuna atakayemwita.

Nyumbani nilichora ubao juu ya kifuniko cha boksi la sabuni kwa mkaa. Vizibo viliokotwa. Siku hizi si kama zamani, soda ilipokuwa ya aina moja na watu wakalazimika kugeuza vizibo vya upande mmoja tumbo juu ili kutofautisha. Sasa maduka yamejaa, rangi ni ya kuchagua. Nilikuwa na vyekundu na vya kijani. Mkono wa kulia ulicheza na wa kushoto, na mara nyingi wa kulia ulishinda kwa sababu nilikuwa naupenda zaidi.

Basi nikakaa mbele ya kinyozi. Akaniachia nianze.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Nilimlisha kizibo kimoja, nikamla viwili, akasema, "Ehe!" Kisha mambo yakaanza kuwa mazito. Kila nilipotaka kukimbilia mahali nilipopazoea, hapakuwepo. Drafti ina njia kuu, mstari mrefu kuliko yote, unaotoka kona moja hadi kona ya pili, na kingi akiukalia huo ni vigumu mno kumtoa. Mimi njia hiyo naijua kama mlango wa nyumbani, iko mkono wa kushoto. Nikapeleka kizibo changu cha kushoto kabisa ili kifungue mlango, na mlango haukuwapo. Palikuwa na kona fupi, kama choo. Akala kimoja, akala viwili, akaruka, akavisha kofia.

"Unakimbilia wapi huko?" akauliza. "Njia kuu iko kulia. Kulia kwako, hapo. Unaiona?"

Niliiona. Na ndipo nilipoelewa, nikahisi masikio yanawaka moto. Mwaka mzima nilikuwa najifunza kwenye kioo. Kulia kwao ilikuwa kushoto kwangu. Boksi langu nililichora kama kioo kilivyonionyesha, na kila kitu nilichokijua, kila mtego na kila kimbilio, kilikuwa kimegeuka.

Kinyozi alikwisha kuanza kucheka. "Njia kuu kushoto! Wewe umejifunzia Ilemba? Huko bondeni ndiko wanakochezea kushoto, kama watu waliogeuziwa dunia. Sisi huku juu ni kulia. Pito kulia, mjini kulia. Nani kakufundisha?"

Ningesemaje kwamba mwaka mzima nilikuwa nawatazama?

"We mwana!" Ilikuwa sauti ya mama kutoka ng'ambo. "Umetumwa saa au umetumwa posa? Kichwa cha mtu kinaungua huku!"

Niliruka benchi. Mteja alikuwa ameshainamisha kichwa kwenye beseni mwenyewe, mama anammwagia maji, na wote wawili walikuwa na la kuniambia. Nililisikiliza lote. Lakini nyuma yangu nilimsikia kinyozi akisema, si kwa kejeli, "Binti, mikono unayo. Njoo tena. Ila sitakuita, leo nilikuita kwa sababu ya upweke. Siku utakayosema mwenyewe 'nafuata mimi', utakaa."

Usiku nilijiandikia sentensi moja, kwamba nitakaa kwenye benchi lile na nitaomba kwa mdomo wangu. Niliandika kwa wino, si kwa penseli.

Asubuhi niligeuza boksi. Kuligeuza ni kazi ndogo, unalizungusha robo tu, kona ndefu inahamia kulia. Kugeuza mkono ndiyo kazi. Niliketi nyuma ya nyumba kwenye jua, maana mwezi wa sita Sumbawanga asiyetafuta jua ni mgonjwa, nikacheza, na mkono ukaenda kushoto. Nikaurudisha. Ukaenda tena. Nikachukua uzi mweusi wa kusukia nywele, nikaufunga kwenye kifundo cha mkono wa kulia ili kila nikitaka kucheza niuone. Nilienda nao kanisani, nilienda nao sokoni. Mwanamke mmoja anayeuza ulezi akaniuliza kama ni dawa. Nikaitikia kwa kichwa.

Baada ya siku chache nikaona kwamba peke yangu sitafika. Mkono wangu wa kushoto na wa kulia ilikuwa inajuana mno. Nikamwomba mama.

"Drafti?" akasema. "Mimi? Nimesimama tangu asubuhi, miguu imevimba, halafu nicheze mchezo wa watu waliokosa shamba?"

"Unacheza umekaa, mama."

Hilo likamwingia. Akakaa kwenye kiti cha wateja, boksi tukaliweka juu ya stuli, mlango tukaurudisha. Nikamfundisha. Kwa juma la kwanza alikuwa anakula vizibo vyake mwenyewe na kusema ni vyake, ana haki navyo. Juma la pili akaanza kunitega. Mama anajua kusubiri, nadhani ni kwa sababu ya kusuka. Anaweka kizibo kama anavyoweka uzi, hana haraka, halafu unashangaa kichwa kimeisha. Na alikuwa na mdomo.

"Kula, mwanangu, kula. Nimekupikia."

"Ni mtego huo."

"Si umeniambia ni lazima? Kula basi tuone."

Nilikula, akanila vitatu. Akapiga makofi mpaka jirani akauliza kuna nini. Kila jioni kabla giza halijaingia tulicheza, na kila jioni mkono ulienda kulia mara nyingi zaidi. Ila nikibanwa, nikiogopa, ulirudi kushoto wenyewe. Mama aliliona kabla yangu. "Ukitulia unacheza kulia," alisema. "Ukitetemeka unarudi kwenu."

Lililobaki lilikuwa mdomo, na mdomo haukuwa na boksi la kuzungusha. Nilivuka uchochoro mara nyingi kuliko dawa zilizopakwa. Nilisimama pembeni ya kibaraza, mikono ndani ya sweta. Mtu alifungwa, akapisha, nafasi ikawa wazi, mimi nikavuta pumzi, na mwingine akasema "Nafuata mimi!" kama anakohoa, kwa wepesi ule. Nikachungulia saa, nikarudi. Mara moja nilifika hadi "Na". Kijana mmoja wa pale, aliyekuwa anauza kaseti, akageuka.

"Mambo, sista?"

"Poa," nikasema, nikaenda zangu. Nilijichukia njia nzima, na njia yenyewe ni hatua chache.

Kinyozi aliona yote na hakuniita. Ila siku moja akasema kwa sauti ya kuwaambia wote, huku ananyoa, kwamba mkutano wa drafti utakuwa Jumamosi ya pili ya Julai, ulezi ukiwa umekwisha kuingia majumbani, uwanjani kwa mashine ya kusaga. Kila mwaka vijiwe hukutana namna hiyo: Pito, Milepa, Ilemba, na sisi wa mjini. Watu huja na ubao wao kwapani na vizibo mfukoni. Kwanza wageni hucheza kwenye ubao wetu, kisha sisi tunakaa kwenye ubao wa mgeni. Na kuna sharti la tangu zamani. Mgeni akimfunga kila mwenyeji aliyekaa kwenye ubao wake, mpaka asibaki wa kusema "nafuata", anaondoka na ubao wa wenyeji. Unakwenda kukaa kwake hadi mkutano mwingine. Hao wenyeji kwa mwaka huo hawachongi mwingine, ni aibu, wanakaa tu wakitazamana.

"Milepa, walipokuwa wenyeji, waliwahi kukaa mwaka mzima hawana ubao," kinyozi akasema. "Mpaka wakaanza kulima."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Ubao ukienda, benchi nalo linakwenda. Mwaka mzima hakuna wa kusema nafuata, na mimi nitakuwa nimefunga uzi mkononi bure.

Siku ya mkutano upepo ulitoka milimani tangu asubuhi, vumbi la ulezi likatembea kwenye macho ya watu. Mama alifunga saluni saa sita. Alisema hakuna wateja, lakini nilimwona akimwambia mteja mmoja arudi Jumatatu. Uwanjani kulikuwa na mbao nyingi za drafti, juu ya magunia, juu ya madebe, na kila ubao na duara lake la watu na kelele zake. Kulikuwa na mama wa togwa, na mama wa maandazi, na wachunga ng'ombe wawili waliopita kwenda mnadani wakasimama wakasahau ng'ombe. Sijawahi kuwa mahali penye watu wengi hivyo nikafurahi. Hakuna aliyekuwa ananitazama. Wote walitazama vizibo, kama mimi. Nilipita ubao hadi ubao, nikajua nani anacheza kwa hasira na nani anabahatisha, na nikafikiri, kumbe watu wa aina yangu ni wengi hivi.

Sisi wa mjini tuliwafunga Pito. Milepa tuligawana nao. Alasiri wakaja Ilemba.

Mchezaji wao alikuwa mzee mmoja mwembamba, amevaa makoti mawili, moja juu ya jingine, kwa sababu watu wa bondeni wakipanda huku kwetu wanaona tunaishi ndani ya barafu. Michezo ya ubao wetu ilipokwisha, aliweka ubao wake juu ya gunia, akapanga vizibo. Nikasogea mpaka nikauona. Njia kuu ilikuwa kushoto.

Wenzetu walijua, si jambo geni, kila mwaka Ilemba huja hivyo na kila mwaka watu hucheka. "Mzee, ubao wako umelala upande!" "Mzungushe mwenyewe basi, labda ataona!" Mzee akatabasamu, akaonyesha benchi kwa mkono. Karani wa zamani akakaa, akafungwa. Muuza kaseti akakaa na mdomo wake wote. "Leo utarudi bondeni unaimba, mzee wangu, hayo makoti utayaacha hapa." Mzee akasogeza kizibo. Akala, akala, akavisha kofia. Muuza kaseti akapisha kimya kimya.

Nilikuwa naona kinachotokea. Kila mmoja wao alicheza vizuri mpaka alipobanwa. Akibanwa, mkono wake ulikimbilia kulia, ulikozoea, na kulia hapakuwa na njia. Mwishowe kinyozi mwenyewe akakaa. Yeye alikumbuka, nilimwona anajizuia, anatazama kushoto, anajiambia. Alifika mbali. Halafu mzee akamtega kizibo kimoja, lazima akile, akala, akashtuka, na kingi wake akaenda kulia kama mbuzi anayerudi zizini. Mzee akamchukua.

Kinyozi akainuka. Alikunja kitambaa chake cha kunyolea akajifuta nacho uso.

"Nani anafuata?" akauliza mtu wa Ilemba aliyekuja na mzee.

Karani alitazama viatu. Muuza kaseti alisema alishakaa, mtu hakai mara mbili. Ubao wetu ulikuwa chini, umeegemezwa kwenye gunia, na yule mtu wa Ilemba akaanza kuinama.

Nilitamani mtu mwingine aseme. Nasema ukweli wangu, mpaka sekunde ya mwisho nilikuwa nangoja mtu mwingine. Nikamtazama mama. Hakunifanyia ishara yoyote, alikuwa anakula andazi. Nikaona kwamba kama mkono ule ukiushika ubao, sitakuwa na wa kumlaumu, kwa sababu maneno yenyewe ni mawili na mimi ninayo.

"Nafuata mimi."

Ilitoka ndogo. Yule mtu hakusikia, lakini mzee alisikia, akamgusa mgongoni.

"Nafuata mimi," nikarudia, na safari hii ikatoka kubwa mno, mpaka mbwa mmoja akainuka.

"Huyu si mtoto wa saluni?" mtu akauliza.

"Kijiwe gani huyu?"

"Kijiwe chetu," kinyozi akasema. "Alishakaa kwenye benchi langu. Mnapingaje?" Kisha akaniinamia sikioni. "Kushoto, binti. Kumbuka kushoto."

"Shikamoo, babu," nikamwambia mzee.

"Marahaba. Anza."

Nilicheza. Siwezi kuandika kila kizibo. Mwanzoni nilicheza kwa hila za mama, taratibu, naweka na kusubiri, na watu waliokuwa wanapiga kelele wakaanza kunyamaza. Mzee alikuwa mzuri kuliko mtu yeyote niliyemwona kwenye kioo. Alinila kimoja hapa, kimoja pale, bila haraka, kama anayechambua maharage. Nikajikuta nimebaki na vizibo viwili na yeye ana vitano. Nikatoa kimoja sadaka, cha pili kikapenya, kikala viwili, kikafika mwisho.

"Mvishe kofia!" mama akapiga kelele, mama yangu, mbele ya mji mzima.

Nilikuwa na kingi mmoja. Yeye naye akaingiza kingi, kisha wa pili, kisha wa tatu. Watatu kwa mmoja. Wakaanza kuja kwangu kutoka pande tatu. Na hapo nikaogopa kweli. Sikuona tena watu wala uwanja. Uzi uliokuwa mkononi niliusahau. Mkono ukajiendea wenyewe, ulikokuwa unaenda siku zote ukiogopa. Ukaenda kushoto.

Kingi wangu akakaa njia kuu.

Nilisikia kinyozi akitoa pumzi. Mzee alisimamisha mkono wake hewani kidogo, akanitazama kwa mara ya kwanza. Kisha akaanza kuniwinda. Nilikwenda juu, nikarudi chini, juu, chini, kwenye mstari ule mmoja. Alinitega huku, nikahama. Alinifungia huku, nikahama. Watazamaji wakaanza kuhesabu kwa sauti, ndivyo sheria ilivyo, hesabu ikiisha kingi hajaliwa ni sare, na ubao ukitoka sare hakuna anayeuchukua. Nilikuwa sisikii namba, nasikia mdundo tu. Juu, chini. Sikutaka kingine chochote duniani ila mstari ule.

Hesabu ikaisha. Mzee akaviweka vidole vyake viwili katikati ya ubao.

"Sare," akasema.

Kilichofuata ni kelele. Kinyozi alimbeba karani, karani akamwambia amshushe, ana mgongo. Muuza kaseti alikuwa anamweleza kila mtu kwamba mimi ni mshikaji wake. Mama alinishika kichwa kama anatafuta mahali pa kuanzia kusuka. Mimi nilikuwa bado nimekaa, sijui kama mtu wa sare anapisha au hapishi.

"Nani amekufundisha ubao wa kwetu?" mzee akauliza.

"Kioo, babu."

"Kioo?"

Nikamweleza. Nikamweleza kila kitu, uchochoro, saluni, mlango, vichwa vya watu, wanaume kibarazani wamegeuka. Nilizungumza maneno mengi kuliko niliyozungumza darasani muhula mzima, na watu wa kibaraza walikuwa wamesimama pale pale wanasikia.

"Mwaka mzima!" kinyozi akasema. "Na mimi najikuna, najikwaruza, nadhani hakuna anayeniona."

Mzee alicheka mpaka koti la juu likafunguka. "Basi ulikuwa unacheza bondeni bila kupanda lori," akasema. Akaanza kuokota vizibo vyake. Lori lao lingeondoka asubuhi.

Watu walinisindikiza hadi nyumbani. Ubao wetu ulirudi kibarazani, na kinyozi alisema Jumatatu nije nikae wakati wowote, nikisema. Ningepaswa kulala na furaha yote. Nililala nayo, lakini ndani yake kulikuwa na kijiwe kama kwenye mchele. Nilijua kilichoniokoa. Si majuma yale ya kugeuza mkono, si uzi. Niliogopa, mkono ukarudi kwenye kosa langu la zamani, na siku hiyo kosa langu lilikuwa sawa kwa sababu ubao ulikuwa wa Ilemba. Kwenye ubao wetu ningeliwa. Kinyozi hakujua hilo, mama labda alijua. Benchi nililokuwa nalitaka liko kwenye ubao wa kulia, na huko nilikuwa bado sijakaa mbele ya mtu anayetisha.

Asubuhi iliyofuata, Jumapili, niliamka mapema nikakata uzi kwa mkasi wa saluni. Nikaenda kwa kinyozi, yeye anaishi chumba cha nyuma. Alitoka amejifunga shuka, macho hayajafunguka.

"Naomba ubao," nikasema.

"Sasa hivi? Unaupeleka wapi?"

"Stendi ya malori."

Akafumbua jicho moja. "Jana umeuokoa, leo unampelekea mwenyewe?"

"Mkutano umekwisha. Ni kucheza tu."

Alinitazama, akaingia ndani, akarudi na ubao na mfuko wa vizibo. "Kulia," akasema.

Stendi kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Lori la bondeni lilikuwa linapakia chumvi na sabuni, na mzee alikuwa ameketi juu ya gunia, makoti yote mawili amefunga vifungo mpaka shingoni. Nilisimama mbele yake. Mdomo ulikuwa mkavu kama kawaida, niliuacha ukauke.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mtoto wa kioo."

"Nafuata mimi."

Akatazama ubao kwapani mwangu. "Kwenye upi?"

"Wetu."

Kisha akavua koti moja, akalitandika juu ya gunia la pili, na mimi nikaulaza ubao juu yake, njia kuu mkono wa kulia. Tukapanga vizibo. Dereva akapiga honi, akasema wazee wapande, safari ni ndefu na mteremko ni mbaya.

"Mwambie angoje," mzee akaniambia.

Nikageuka. "Ngoja!" nikamwambia dereva, kwa sauti, na nikasogeza kizibo changu cha kwanza.